Sarafu za fedha katika nyumba za kamari: Ni uwindaji au ni mtego?

WAKO watu wanaokusanya stempu, wako wanaokusanya majambia ya kale, na tuko sisi tuliopatwa na maradhi ya sarafu. Sisi hatuzitazami pesa kwa kile zinachoweza kununua. Tunatazama mwaka, tunatafuta alama ya kiwanda, tunageuza ukingo kwenye mwanga tuone rangi yake. Mwenye maradhi haya husimama dukani na chenji ya mkate mkononi hata muuzaji akamwuliza kama amepunjwa.

Katika nchi ya Marekani, wagonjwa wenzetu wana mahali pao pa kuwinda ambapo kwa Mwislamu wa pwani ni pazito hata kupataja. Mahali penyewe ni nyumba za kamari, hasa zile za jimbo la Nevada. Nilifika huko mwaka 2019 kumtembelea mpwa wangu, ambaye ni dereva wa teksi mjini Las Vegas, nikaona jinsi uwindaji huo unavyofanywa. Nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, na pia kulijibu swali ambalo wengi wenu bila shaka mmeshaanza kuliuliza: Mwislamu ana haja gani ya kuingia humo, hata kama haweki senti moja mezani?

JIMBO LA FEDHA

Kwanza yatupasa tufahamu kwa nini sarafu njema zilikwenda kukaa katika nyumba za kamari. Nevada huitwa Jimbo la Fedha, na jina hilo si la kujisifu bure. Mwaka 1859 habari zilienea za machimbo makubwa ya fedha yaitwayo Comstock, penye mji wa Virginia City. Fedha ilitoka kwa wingi hata serikali ikaona ni heri kujenga kiwanda cha kupigia sarafu jirani na machimbo, katika mji mkuu wa jimbo, Carson City. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1870 na kikapiga sarafu zake za mwisho mwaka 1893. Sarafu hizo zina herufi mbili ndogo, CC, na herufi hizo ndizo zinazowapandisha wakusanyaji homa. Jengo lenyewe lingalipo, nalo limefanywa jumba la makumbusho.

Mashuhuri kuliko zote ni dola kubwa ya fedha iliyochorwa na George Morgan, Mwingereza aliyehamia Marekani. Dola ya Morgan ilipigwa tangu 1878 hadi 1904, na tena mwaka 1921. Baada yake ikaja ile iitwayo Dola ya Amani, ambayo ilipigwa kwa matumizi ya kawaida mara ya mwisho mwaka 1935. Kila moja ina uzani wa gramu 26.73, na katika kila sehemu kumi, tisa ni fedha tupu. Nevada ilipohalalisha kamari mwaka 1931, dola hizi ndizo zilizokuwa zikipangwa mezani na kutumbukizwa katika mashine. Mchezaji aliondoka na mifuko inayomvuta chini kwa uzito, au, kama ilivyo desturi ya kamari, aliondoka na mifuko mitupu.

Mambo yaligeuka mwaka 1964. Bei ya fedha ilikuwa imepanda hata fedha iliyomo ndani ya dola ikakaribia kulingana na thamani ya dola yenyewe. Watu walipiga foleni kwenye hazina ya serikali mjini Washington, wakatoa noti na kuchukua sarafu kwa magunia. Mwezi wa Machi mwaka huo serikali ikafunga dirisha. Ilipohesabu kilichobaki ikakuta dola zipatazo milioni 3, nyingi zao za Carson City ambazo hazikupata kushikwa na mkono wa mnunuzi. Hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji kwa njia ya posta kuanzia mwaka 1972.

Nyumba za kamari zilipoona dola zinapotea, zilianza kutengeneza tokeni, yaani sarafu zao wenyewe zisizo na thamani nje ya mlango wao. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya kuondoa fedha katika sarafu za senti 10 na senti 25, na kuipunguza katika nusu dola.

Mambo haya si mageni kwetu. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na robo ya fedha ndani yake. Tangu mwaka 1948 simba ni yule yule na milima ni ile ile, lakini fedha haimo tena. Ni shaba na nikeli. Serikali zinapopunguza fedha, watu hutumia iliyo dhaifu na kuificha iliyo njema. Wazungu wameipa kanuni hiyo jina la Thomas Gresham, ingawa bibi zetu waliijua bila ya kumsoma.

SUMNI YA KIMAREKANI

Dola kubwa za fedha hazipatikani tena kwenye meza za kamari. Kinachowindwa siku hizi ni nusu dola, ambayo mtu wa Mombasa angeiita sumni ya Kimarekani. Yenye sura ya Rais Kennedy ilianza mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwake. Ile ya mwaka 1964 ina uzani wa gramu 12.5 na sehemu tisa kati ya kumi ni fedha. Zilizopigwa tangu 1965 hadi 1970 zina sehemu nne tu kati ya kumi. Za kawaida kuanzia 1971 hazina fedha kabisa. Sura ni moja, ukubwa ni mmoja, na kwa karani wa dirishani zote ni senti 50.

Wamarekani wenyewe hawaitumii nusu dola madukani. Wako vijana waliokua bila ya kuishika. Lakini katika nyumba za kamari ilikuwa na kazi, kwa sababu upo mchezo wa karata ambao mshindi hulipwa tatu kwa mbili: aliyeweka dola 5 hupewa dola 7 na nusu. Ile nusu ndiyo sumni yenyewe. Sitaeleza mchezo zaidi ya hapo, kwani si kazi ya ukurasa huu kufunza kamari. Nataka msomaji aelewe tu kwamba sarafu ambayo nchi nzima imeisahau ilikuwa imelala katika droo za nyumba hizi kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa akisoma mwaka ulioandikwa juu yake.

Mwindaji basi haendi mezani. Huenda dirishani, penye karani aliyezungukwa na nondo kama za benki za zamani. Hutoa noti, huomba nusu dola, huhesabiwa, hushukuru, huondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni huko.

NILIVYOINGIA

Mpwa wangu alipojua nia yangu hakufurahi. Tulikuwa garini, ameegesha nje ya nyumba moja kuukuu katikati ya mji.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nimekaa mji huu miaka saba na huwashusha watu hapa kila usiku, na sijapata kuvuka mlango huu. Watu wa nyumbani wakisikia umeingia, watasema nini?"

"Watasema niliingia," nikamjibu. "Wewe utawaambia nilitoka na nini."

Hakucheka. Alisema atanisubiri robo saa, na baada ya hapo atakuja kunitoa mwenyewe.

Ndani hamna dirisha la kuonyesha jua wala saa ya ukutani. Baridi ya mashine inakupiga kifuani na moshi wa sigara umening'inia kama wingu. Kilichonishangaza zaidi ni sauti. Masikio yalijaa mlio wa sarafu zinazomwagika juu ya bati, lakini nilipotazama sikuona sarafu hata moja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashine nyingi zimeacha kutoa sarafu. Hutoa kipande cha karatasi chenye hesabu. Mlio ule umerekodiwa na unapigwa na spika. Pesa zimekwenda, umebaki mwangwi wa kuwaita watu.

Karani wa kwanza alinihesabia sarafu 120 kwa dola 60 bila ya kuuliza neno. Wa nyumba ya pili alitikisa kichwa, akasema wao huwahudumia wanaocheza tu. Wa tatu hakuwa na hata moja. Kwa siku tatu nilipita nyumba tisa nikapata sarafu 280 kwa jumla. Usiku tulizimwaga juu ya meza ya jikoni, mimi na mpwa wangu, ambaye hasira zilikuwa zimemwisha na udadisi umemshika. Nilimfunza njia ya haraka: usisome miaka, zipange kama mnara utazame kingo zake. Zisizo na fedha zina mstari wa shaba, mwekundu kama udongo, unaozunguka ukingo mzima. Yenye fedha nyingi ni nyeupe tupu. Yenye fedha kidogo huwa na weupe uliofifia.

Katika 280, sita zilikuwa na fedha: tano za miaka ya 1965 hadi 1970, na moja ya mwaka 1964. Zilizobaki tulizipeleka benki asubuhi. Faida yake kwa pesa haikufikia nauli ya siku moja ya mji ule. Lakini mwenye maradhi haya hatafuti faida. Anatafuta ule weupe mmoja ndani ya mnara mwekundu.

MTEGO

Katika nyumba ya tano nilikutana na mzee wa Kimarekani, mstaafu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu dirishani kwa haja ile ile. Tulitoka tukaketi kibarazani, akanieleza habari za mwenzake waliyewinda pamoja zamani. Mwenzake huyo hakuwa mcheza kamari. Alikuwa na albamu za sarafu alizozijaza kwa miaka thelathini. Siku moja karani alimwambia kwamba pasipo kucheza hatobadilishiwa, naye akaona si neno, akatia dola chache katika mashine ili apate haki ya kuhudumiwa. Mara ya pili akafanya vivyo hivyo. Baadaye akawa anaanzia mashineni na kumalizia dirishani, na mwisho hakufika tena dirishani. Albamu ziliuzwa moja baada ya moja.

"Sarafu za mwisho," mzee akaniambia, "nilizinunua mimi. Nilimwambia nitamwekea."

Nilimwuliza kama alikuja kuzichukua. Mzee alitazama barabarani, akasema bado anazo.

Achovyaye asali hachovyi mara moja. Na nyumba hizi zinawajua vizuri watu wa namna yetu. Katika miaka ya 1990 zilileta mashine iitwayo Silver Strike. Mshindi hakupewa pesa, alidondoshewa tokeni nzuri yenye moyo wa fedha safi na pete ya shaba nyeupe kuizunguka, imefungwa ndani ya kidude cha plastiki, na imeandikwa dola 10. Watu waliokuja kwa ajili ya fedha na wala si kwa ajili ya kamari walikaa mbele ya mashine ile usiku kucha ili wapate picha waliyoikosa. Chambo huchaguliwa kwa kumtazama samaki.

HAZINA ZA CHINI YA ARDHI

Wako waliopata sarafu nyingi kupita kiasi, nao pia wana funzo. Katika mji wa Reno alikuwapo tajiri aitwaye LaVere Redfield, mtu asiyeamini benki wala serikali, ambaye aliwahi kufungwa kwa kukwepa kodi. Alipofariki mwaka 1974, chini ya nyumba yake zilikutwa dola za fedha zaidi ya 400,000. Ziliuzwa kwa mnada mwaka 1976 kwa dola milioni 7.3. Redfield alijulikana kwa kucheza kamari, na pia kwa kuishi na kuvaa kama mtu asiye na kitu.

Wa pili ni Ted Binion, mtoto wa mwenye nyumba ya kamari ya Horseshoe ya Las Vegas. Huyu alichimba ghala chini ya ardhi huko Pahrump, nje ya mji, akalijaza fedha pamoja na dola za Morgan na za Amani zaidi ya 100,000. Alifariki Septemba 1998. Siku mbili tu baadaye watu walikamatwa usiku wakiifukua hazina ile kwa mashine. Kesi ya kifo chake ilizunguka mahakamani kwa miaka. Msomaji anayeijua Surat Tawba, aya ya 34, hahitaji maelezo yangu juu ya wanaolimbikiza dhahabu na fedha.

WANACHUONI

Niliporudi Mombasa niliipeleka kadhia hii kwa mashekhe wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Juu ya kamari yenyewe hapakuwa na mazungumzo. Surat Maida, aya ya 90 na 91, imekwisha kukata shauri. Swali langu lilikuwa juu ya dirisha.

Shekhe wa kwanza alisema kubadilisha pesa ni kubadilisha pesa. Alinikumbusha masharti ya sarfu: fedha kwa fedha iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, vitu vikitofautiana, kama noti na sarafu ya fedha, kipimo chaweza kuzidiana lakini makabidhiano yawe papo hapo. Nilitoa nikapokea pale pale, basi biashara imesimama. Nilimwuliza juu ya karani asiyejua kilichomo. Akasema: "Serikali yao imeandika senti 50, naye amekupa senti 50. Lakini akikuuliza unazitakia nini, usimwambie uongo."

Shekhe wa pili hakupinga hata moja katika hayo. Yeye aliniuliza: "Ulipotoka, uliacha nani ndani?" Akaendelea kusema kwamba sheria huziba njia kabla ya kuziba shimo. Mtu mwenye ndevu na kofia akionekana akitoka katika nyumba ile, kijana anayemwona hajui habari za dirisha. Atajua mlango tu.

Nimeyapima maneno yote mawili, na moyo wangu umeelemea upande wa shekhe wa pili. Biashara ya dirishani naiona ni sahihi, lakini njia ya kulifikia dirisha lile inapita katikati ya mashine, na si kila mtu ana mpwa wa kumhesabia robo saa nje. Tena leo mlango huo hauko Nevada tu. Vijana wetu wanao mikononi, ndani ya simu, wanawekeana pesa juu ya mipira ya Ulaya wakiwa wamekaa maskani. Kwa hiyo mkusanyaji wa pwani anayetaka nusu dola ya mwaka 1964 ni heri aagize kwa muuza sarafu, alipe bei yake, na alale usingizi wake.

ZAKA YA SARAFU

Liko jambo moja ambalo wakusanyaji wengi hulisahau. Sarafu ya fedha si stempu. Nisabu ya fedha ni dirham 200, ambazo wanachuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kiasi cha gramu 595 za fedha safi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mapambo ya halali ya mwanamke hayatolewi zaka, lakini sarafu iliyofungiwa sandukuni si pambo.

Hebu tufanye hesabu. Nusu dola ya mwaka 1964 ina gramu 11.25 za fedha safi, kwa hiyo sarafu 53 zinatimiza nisabu. Dola ya Morgan ina gramu 24 na kidogo, basi 25 zatosha. Reale yetu ya zamani yenye sura ya malkia Maria Theresa, iliyoandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa baada ya hapo, ina gramu 23.4, inatimia kwa sarafu 26. Mwenye za kuchanganya ajumlishe fedha safi iliyomo. Zikikaa kwake mwaka mzima wa Kiislamu, robo ya ushuri inamdai, yaani mbili na nusu kwa mia.

SANDUKU LA BIBI

Watu wa pwani hatukuanza jana kujuana na fedha ya Marekani. Sayyid Said alifunga mkataba na nchi hiyo mwaka 1833, na kitambaa chao tumekiita merikani hadi leo. Wazee walipokuwa wakihesabu, walizipambanua reale za kila namna: ya Sham, ya mzinga, ya Kifransa. Kisha ikaja rupia ya mwaka 1888 yenye jina la Mombasa juu yake. Nyingi katika hizo ziliishia kwa masonara, zikayeyushwa zikawa mitali na vikuku.

Si zote, lakini. Kabla mtu hajatamani dirisha la Nevada, na aombe ruhusa kwa wenyewe afungue lile sanduku la bibi lenye misumari ya shaba. Atazame chini, penye vitambaa na udi wa zamani. Huenda ikawamo shilingi ya simba ya kabla ya mwaka 1948, au reale moja iliyobaki kwa kusahauliwa. Akiikuta, asiisugue kwa ndimu na majivu, kwani kuisugua ndiko kunakoiua. Weusi ule ni umri wake. Aifunge kwa karatasi safi, aandike imetoka kwa nani, na amwulize bibi habari zake angali hai wa kujibu.